Sahihi ya Gashe Dagnachew

Ukiniona nimemshika mzee kiuno tunapanda ngazi, usidhani ni baba yangu. Ni mtu aliyeniuzia nyumba, na nyumba yenyewe mpaka leo haijawa yangu.

Gashe Dagnachew, "gashe" ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, alishinda kura ya nyumba za serikali, akapata vyumba viwili ghorofa ya nne, hapa pembezoni mwa Addis. Malipo ya benki yakamshinda. Mimi nilikuwa nimechoka kupanga chumba uani kwa watu, kila sikukuu ya Meskel ikifika kodi inapanda. Tukapatana. Nikampa akiba yangu yote niliyoipata kwa kusaga na kuuza pilipili ya berbere. Sasa, aliyeshinda kura haruhusiwi kuuza mpaka ipite miaka mitano, lakini watu wanauza hivyo hivyo. Muuzaji anakuandikia hati ya uwakilishi: ukae, ulipe benki, usimamie nyumba kwa jina lake. Miaka ikiisha mnakwenda wote wawili mbele ya karani wa serikali, anatia sahihi kwa mkono wake, nyumba inahama jina.

Siku niliyopata hati nilipiga vigelegele. Jirani yangu Zenebech, ambaye ulimi wake hauna breki, akaniuliza, "Na akifa?"

"Akifa nani?"

"Mzee wako. Akifa, hati inakufa naye, nyumba wanarithi watoto wake. Kumbe hukuambiwa?"

Sikuambiwa! Nikakimbilia kwa mwanasheria, akanitazama kwa huruma, akasema Zenebech kasema kweli. Tena mzee akitaka, anaweza kuifuta hati siku yoyote akiwa hai.

Nikaenda kumwangalia mzee. Alikuwa anaishi peke yake kwenye kibanda cha bati, presha iko juu, anakunywa pombe ya araki kabla ya chai. Watoto wake wawili wako ng'ambo, hata simu hawapigi. Mungu wangu, nikasema, nyumba yangu inategemea moyo huu! Nikaanza kumpelekea mchuzi wa shiro, kisha dawa. Mvua za Agosti zilipokuja akakohoa wiki nzima, nikamhamishia kwangu. Au kwake, sijui niseme vipi.

"Chumba hiki kina baridi," ndilo neno la kwanza alilosema.

Na alijua. Aa, alijua vizuri sana! Nikipunguza chumvi, anasukuma sahani. "Aselefech mwanangu, hii ni dawa au chakula? Kesho napita kwa karani nikaifute ile hati."

"Gashe, daktari amekataza."

"Daktari ndiye aliyekuuzia nyumba?"

Pasaka akataka nyama mbichi, kama ilivyo desturi yetu. Nikakataa. "Haya, niue kwa njaa," akasema, "tuone nani atalia." Nikamkatia mwenyewe, nikakaa mbele yake namhesabia matonge huku roho iko mkononi. Akipiga chafya nilishtuka. Akichelewa kutoka kanisani nilitoka mbio na shuka mabegani, Zenebech ananicheka dirishani, "Kimbia, nyumba yako inakuja polepole!" Nilimchukia yule mzee, nasema kweli. Nilimchukia na kumwombea maisha marefu katika sala moja.

Lakini hakuwa akinywa kahawa mpaka nirudi kutoka sokoni. Ikipoa inapashwa, naye ananingoja. Na kwenye chama cha mazishi cha mtaani alikwenda akaniandikisha kuwa binti yake bila kuniuliza.

Miaka mitano ikaisha. Nikamwambia, Gashe, twende. Kumbe! Leo siku ya Mikaeli, hasaini kitu siku ya Mikaeli. Nikangoja. Ikaja ya Gabrieli. Ikaja ya Mariamu. Mbinguni kukawa na watakatifu wengi kuliko nilivyofundishwa. Baada ya watakatifu yakaja maumivu ya goti.

"Mzee wako kawa mcha Mungu ghafla," Zenebech akasema.

Asubuhi moja nikasimama mlangoni kwake na koti lake mkononi, nikamwambia asipoamka sitapika. Akavaa.

Karani alikuwa msichana mpole. Akasoma karatasi yote kwa sauti, kisha akauliza linaloulizwa kila mtu: "Baba, unauza kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

Gashe alikuwa ameshashika kalamu. Akaninyooshea kidevu. "Muulize huyu kwanza. Nikishasaini, jioni narudi naye nyumbani?"

"Baba, hilo halimo kwenye karatasi."

"Najua halimo. Ndiyo maana nauliza."

Watu wa foleni wakageuka. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini mdogo wangu Tirunesh alikuwa mjini Dessie na mtoto wake, mizigo imefungwa, kile chumba cha Gashe nimeshamwahidi. Nilikuwa nimepima hata dirisha nishone pazia, mzee akiwa kanisani. Hayo yote yakanijia kichwani kwa mara moja, na mdomo ukawa mzito.

"Ndiyo," nikasema. "Unarudi nami, Gashe. Wapi tena?"

Akaiweka kalamu juu ya meza, taratibu, asiichafue karatasi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Umechelewa kidogo, mwanangu," akasema. "Twende tukanywe kahawa."

Nilimsihi. Nikalia mbele ya watu wote wale. Karani akachukua karatasi, akamwita anayefuata.

Tukarudi. Ngazi za ghorofa ya nne, mvua imezilowesha, na yeye na goti lake mbele yangu. Nikamshika kiuno kwa mikono miwili asije akaanguka.