Simu ya Josué Siku ya Kurekodi

Nakutegea wewe uliyeketi hapo, na usimwulize jirani yako. Nina mtu wangu. Chumba kizima wana vitu vya kupiga na kupuliza, yeye hana. Wote wanatoa sauti, yeye bubu. Lakini akishusha mkono, hata mwenye tarumbeta kubwa kuliko jiko langu ananyamaza. Ni nani?

Umeshindwa? Usinipe mji. Miji niliyopewa maishani inanitosha: nimepewa Uvira, nimepewa kambi ya Nyarugusu, sasa nimepewa Houston, na hakuna hata mmoja nilioomba. Nitakuambia bure. Ni mjukuu wangu Josué, mwongozaji wa okestra.

Wajukuu wananiita Koko, nawe niite hivyo. Nakaa mtaa wa Gulfton humu Houston, kwenye nyumba za kupanga zilizobanana hivi kwamba ukikaanga samaki, jirani wa juu anajua ni samaki gani. Nakaa na mwanangu Tharcisse... nilikaa, ulimi wangu haujazoea bado. Nakaa na mkewe Orpa na binti yao Josiane. Josué ndiye kaka mkubwa wa Josiane. Alianza kuongoza kwaya ya watoto kule kambini, amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa ili waimbaji wa nyuma wamwone. Amerika ikamsomesha muziki chuo kikuu, akabaki Richardson karibu na Dallas, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwetu. Kule akakabidhiwa okestra ya vijana wenzake, na mwaka huu wakakubaliana warekodi CD yao ya kwanza. Muziki wa Warusi wa zamani, ule unaopendwa hata na watu wasioujua jina.

Nilimwuliza, "Josué, kwa nini Warusi? Wewe mtoto wa Kibembe, Warusi wamekukosea nini?"

"Koko, Warusi wanalia kama sisi," akanijibu. "Wanalia wengi pamoja, na ngoma iko chini inawashikilia wasianguke."

Walipanga kurekodi siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Tharcisse aliomba ruhusa kazini ili Jumamosi aende kusikiliza. Bohari nzima anakofanya kazi walijua. Hata Mmexico anayeendesha ile gari ya kuinua mizigo alijua kwamba mtoto wa Tharcisse ana okestra.

Alhamisi adhuhuri, katikati ya rafu za bohari, Tharcisse alishika kifua, akakaa chini kama mtu anayetaka kupumzika kidogo. Hakufika hospitali akiwa hai. Mtoto wangu. Nilimshika mkono kuvuka ziwa, risasi zikamkosa, malaria ikamkosa, akaja kuangushwa na moyo wake mwenyewe kati ya maboksi ya viatu.

Jioni familia ikakusanyika. Aliyeongea ni mwanangu mkubwa Parfait, kaka yake Tharcisse, baba mkubwa wa Josué.

"Josué asiambiwe," alisema. "Anarekodi mpaka kesho kutwa. Akimaliza, tutaenda kumchukua."

Nikueleze, kama hukukulia kwetu. Sisi habari ya kifo hatuitupi kwenye simu kama salamu. Mtu anaendewa. Anaketishwa. Wanaume wawili wanasimama nyuma yake wa kumdaka. Ndipo mkubwa mmoja anafungua kinywa. Anayemwambia mtu peke yake, mbali, kwa simu, kwetu huyo amemuua mara ya pili yule aliyekufa.

Josiane alikuwa ameegemea friji, macho mekundu. "Baba Mkubwa, no. Ana-deserve kujua. Ni Papa yake!"

"Atajua. Jumamosi."

"Mumeamua ninyi. Yeye hamukumuuliza."

"Na utamuuliza namna gani bila kumwambia, mama?" Parfait akamjibu Josiane.

Watu wazima wakacheka kidogo, hata siku ile, kisha wakaona aibu. Josiane hakucheka. Akanigeukia. "Koko, sema kitu."

Nikasema walichosema mama zangu kabla yangu: "Mtoto akiwa juu ya mti, humpigii kelele kwamba chini kuna nyoka. Mwache ashuke kwanza."

Basi ikawa imeamuliwa. Neno la Koko ndilo lilifunga mlango.

Ijumaa mchana simu yangu ikalia, na ni yeye. Sebuleni makochi yalikuwa yametolewa nje kwenye baraza ya juu, magodoro yametandikwa chini, wamama wa kanisa wanaimba na kulia. Nikakimbia na simu hadi bafuni, nikafunga mlango, nikafungulia bomba lote ili maji yapige kelele kuliko wao.

"Koko! Mbona kama mvua?"

"Naoga, mwanangu."

"Unaoga na simu?"

"Si ndiyo Amerika?"

Akacheka. Ee Mungu, alicheka mpaka akakohoa. "Koko, sikia. Leo okestra imeniitika. Unajua vile kwaya inakuitika, unainua mkono tu na wao wako pale tayari? Vile! Kuna kipande kimoja cha polepole, nyuzi peke yake, mwaka mzima kinanishinda. Leo kimekubali. Hata wale wa mashine za kurekodi wametoka kunikumbatia. Sijapata kufurahi hivi tangu nizaliwe."

"Mungu asifiwe."

"Papa iko wapi? Namuita, haitike."

Maji yalikuwa yanakwenda. Nikasema, "Iko kwa kazi. Unajua kule ndani hawaruhusu simu."

"Bon, mwambie kesho asijifiche nyuma. Nimemuwekea kiti cha mbele kabisa."

"Nitamwambia."

Nilipofungua mlango, Orpa alikuwa amesimama pale, kitambaa kimeanguka kichwani. Alikuwa amesikia. Alipita, akaenda kulala tena kwenye godoro lake.

Jumamosi Parfait na wanaume wawili wa kanisa wakaendesha hadi Richardson, makoti meusi mwilini katika joto lile la Texas. Wakasubiri nje ya ukumbi mpaka kazi ikaisha. Josué alitoka katikati ya rafiki zake, mtu amemnunulia maua, wanapiga makelele ya furaha. Akawaona.

"Papa yako mgonjwa kidogo," Parfait akamwambia. "Twende. Lete ufunguo, nitaendesha mimi."

Na hiyo nayo ni desturi. Mgonjwa kidogo! Kwetu hata mtoto wa kunyonya akiona wanaume watatu wenye makoti wanaosema mgonjwa kidogo, anaanza kulia. Josué alikuwa anauliza njiani, "Hospitali gani? Amelazwa tangu lini?" Parfait anajibu, "Tutafika." Walisimama kuweka petroli, na baada ya pale hakuuliza tena.

Alipoteremka kwenye maegesho yetu aliinua macho, akaona makochi yamepangwa nje juu. Wakongo wa Gulfton hatuhitaji tangazo jingine. Akapanda ngazi. Wale wawili wakasimama nyuma yake tayari kumdaka, mikono imenyooshwa, lakini hakuanguka. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Halafu akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Koko. Jana nilipokupigia, Papa alikuwa ameshakufa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Zile sauti nyuma ya maji?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakuhadithia vile nimefurahi."

Nikamwuliza: "Josué, kama ningekuambia jana, ungeacha ile muziki, ao ungebaki umalize?"

Sikia, mimi si mtu wa kukuficha. Nilitaka aseme angeacha. Kama angeacha, basi uongo wetu ulimwokolea kazi yake, na mimi naweza kulala. Lakini kama angebaki, basi tulimnyang'anya baba yake siku mbili bila faida yoyote, na mimi ndiye niliyefunga mlango.

Aliniangalia. Akainuka, akaenda kukaa na wanaume nje.

Tukazika. Akarudi Richardson. Na tangu pale, mtoto yule aliyekuwa hawezi kukaa wiki bila kunitania, akanyamaza kwangu. Nikimpigia haitiki. Mama yake anamwitika, Josiane anamwitika, hata Parfait alisamehewa, walikula pamoja Fort Worth kwenye harusi. Mimi tu. Nilikuwa nakaa dirishani na simu mapajani, nawatazama watoto wa watu wakishuka kwenye basi. Mtoto wangu mmoja nilimzika. Nikaanza kuogopa kwamba wa pili nimempoteza akiwa hai, na yeye hata hajanikasirikia kwa sauti ili nijue pa kuanzia.

Siku moja Josiane ametoka kazini, akaja jikoni na viatu vyake mkononi.

"Koko, CD iko tayari. Lakini Josué amekataa. Anasema wasiitoe. Wenzake kule okestra wamekasirika sana, wanasema ni kazi yao pia."

"Ameharibu mahali?"

"Non! Wanasema ni nzuri sana. Sikiliza."

Akaniwekea vile vitu vya masikioni. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, muziki wa kuandikwa siujui. Lakini furaha hakuna mwalimu aliyenifundisha, na niliijua pale pale. Kilikuwa kile kipande cha polepole. Warusi walikuwa wanalia, ndiyo, lakini yule aliyewashika mkono alikuwa anawapeleka kama mtu anayempeleka bibi harusi: usijali, mama, lia tu, tunakwenda pazuri. Nikavitoa masikioni.

"Josiane, Jumapili baada ya ibada unanipeleka Richardson."

"Amekuita?"

"Tangu lini Koko anasubiri kuitwa?"

Nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikakaanga ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, nikafunga bugali kwa taulo isipoe. Gari ya Josiane ilinuka mpaka Dallas, naye akafungua madirisha yote akisema hataipata tena harufu ya gari.

Josué alifungua mlango akiwa na ndevu. Alikuwa amekonda.

"Koko. Umekuja njia yote hii?"

"Sombe ndiyo imekuja. Mimi nimeisindikiza."

Mdomo wake ulitaka kucheka ukakataa. Akatuingiza. Akanawa mikono, akaketi chini kama nyumbani, akala. Mtu anayekula chakula chako hajakufukuza, nikajipa moyo.

"Nimesikia muziki wako," nikasema. "Ni mzuri."

"Ni mzuri. Hapo ndipo kuna shida." Akamwambia Josiane, "Weka kile cha nyuzi."

Josiane akaweka. Tukasikiliza, bugali inapoa. Ghafla Josué akainua kidole.

"Sikia hapo. Fidla zinapanda. Umesikia? Huyo anayezipandisha ni mtu mwenye baba. Kila nikisikiliza namsikia: mtu mwenye baba, amemuwekea kiti cha mbele. Na mimi najua baba yake yuko wapi saa ile. Yuko kwenye chumba cha baridi. Nataka kumfokea, mjinga wewe, shusha mkono! Lakini hanisikii. Anaendelea kufurahi."

"Yule mjinga tulimtengeneza sisi," nikasema.

"Mulitaka CD sana hivyo?"

"CD ni nini kwangu, Josué? Tulitaka kitu kimoja tu kisife wiki ile."

Akatazama sahani. "Baba Mkubwa alinidanganya njia yote, unajua? Alikuwa anatoka jasho, mikono inateleza kwenye usukani. Nilimhurumia, nikaacha kumuuliza. Yeye nilimwona anateseka. Wewe, Koko, wewe ulifanya utani. Naoga, si ndiyo Amerika. Nilicheka. Ndiyo kicheko changu cha mwisho nikiwa mtoto wa mtu, na ulinipa wewe, na kilikuwa cha uongo."

Josiane alikuwa amegeukia dirisha, mabega yanatikisika. Mimi sikulia. Nilikuwa nimelia bafuni ile siku kabla maji hayajakauka, na yeye hakuniona, na sasa si wakati wa kumwonyesha.

"Sikuja kujitetea," nikasema. "Mama zangu walinifundisha hivyo, na walizika watu wengi kuliko mimi. Labda walikosea, labda ilikuwa ni kwa vijiji, ambako mtu anakimbiliwa na kuambiwa kabla ya jua kuzama. Sijui. Lakini nilikuuliza kitu siku ile ukaondoka nacho. Nijibu, hata kama jibu litaniumiza. Ningekuambia kwa simu ile, ungeacha?"

Akanyoosha mkono wake usio na bugali, akazima muziki. Nje mtu alikuwa anafungua na kufunga mlango wa gari. Josiane aligeuka kumtazama.

"Ningebaki, Koko," akasema. "Ningekaa kwenye ngazi nilie, ninawe uso, nirudi ndani. Papa mwenyewe angenirudisha. Ningemaliza vipande vyote. Lakini ningejua ule muziki nampigia nani."