Korongo Nililowapa Kidato cha Tatu

Nilipoandaa zoezi lile nilijiona nimeumaliza ualimu. Nilikuwa na kompyuta sita, vishikwambi vinne, bando la mfukoni mwangu na wanafunzi thelathini na wanane, pale shuleni kwetu chini ya vilima vya Mlali. Ubaoni niliandika swali moja: korongo linalokata kijiji chetu lilianzia wapi, na linaelekea wapi? Kila kundi lilipewa kazi yake. Hawa wapimaji, hawa wanahistoria, hawa waandishi wa habari. Kurasa za mtandao nilizichagua mwenyewe, maana ukimwachia mtoto mtandao wote, ukigeuka tu anaangalia mpira. Jibu nalo lilikuwa tayari daftarini mwangu: ukataji miti. Wao walitakiwa kulifikia tu, kama ng'ombe anavyofikia birika.

Mimi niliyefeli mara mbili na kuuza maandazi stendi ya Dodoma miaka mitatu kabla ya chuo, nilipaswa kushtuka. Mambo mepesi namna hiyo hayajawahi kunijia kwa wema.

Ijumaa ya kwanza, Loisi wa kundi la wapimaji aliinua mkono.

"Madam, korongo halikuanzia kwenye miti."

"Lilianzia wapi, mpima ardhi wangu? Kwa shangazi yako?"

Darasa lilicheka. Loisi hakucheka. Alisogea ili nione kompyuta yake.

Alikuwa amepanga picha za setilaiti za kijiji, mwaka baada ya mwaka. Ya kwanza ilionyesha mstari mweupe, mwembamba kama uzi: njia ya ng'ombe kushukia kisimani. Katika iliyofuata, mstari umenenepa. Katika iliyofuata tena, una kivuli ndani yake. Kivuli maana yake kina.

"Kwato zinachimba, maji yanafuata," alisema. "Sasa tazama ya mwaka huu."

Mstari mpya ulipita nyuma ya bweni la wasichana, ukaungana na mdomo wa korongo. Niliuangalia mpaka macho yakaniuma. Njia ile niliianzisha mimi.

Hadi mwaka jana ng'ombe walipita mbele ya chumba cha kompyuta, vumbi likajaa kwenye mashine. Nikamwendea mwenye mifugo, Mzee Sila. Yeye Mgogo, mimi Mhehe, watani tangu enzi za mababu. Nikamwambia ng'ombe wake wamekonda mpaka wanakuja kujifunza kompyuta wapate ajira. Alicheka akashika mbavu, na kesho yake akawahamishia nyuma ya bweni. Nilijisifu mwezi mzima.

"Umepima?" nilimuuliza Loisi.

"Kwa picha hizi, msimu wa kwanza korongo lilisogea mita nne. Uliofuata, tisa. Uliopita, kumi na saba. Zimebaki kumi na moja kufika ukutani." Akagusa paa la bweni kwenye picha. "Kitanda changu ndicho cha ukuta huo, madam."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Mwalimu Bartolomayo. Naye ni Mgogo, na hatujawahi kusalimiana bila kurushiana maneno. Wiki iliyotangulia tu nilikuwa nimemzushia mkaguzi yuko getini, akaacha chai na kukimbilia ofisini kuvaa tai.

"Mkuu, shikamoo. Korongo litakula bweni."

"Marahaba! Leo Mhehe kaniamkia, basi dunia inaisha!" Akajigonga paja. "Safari hii sivai tai."

"Sitanii, mkuu."

"Ndivyo mnavyosemaga."

Nilimwonyesha picha zote. Alizitazama huku mdomo ukimcheza, akisubiri nipasuke kicheko. Mwisho akasema, "Andika barua, tutampelekea mhandisi wa wilaya." Hata hilo alilisema kama mtu anayejibu utani kwa utani.

Barua ilikaa mezani kwake wiki nzima. Kila asubuhi Loisi na wenzake walivuta futi kamba kutoka ukutani hadi ukingoni. Mvua haikuwa imenyesha hata tone, lakini ng'ombe walikuwa wakipita; Mzee Sila naye alidhani namtania tena. Kumi na nusu. Kumi. Tisa na robo.

Ijumaa iliyofuata, saa tisa alasiri, juu ya shule mbingu ilikuwa nyeupe, na vilima vilikuwa vyeusi tii. Huku kwetu mvua ya vilimani haikungojei ikunyeshee. Inateremka na korongo. Niligonga kengele mwenyewe.

"Magodoro nje! Yote, darasani!"

Mkuu alitoka ofisini, na safari hii hakucheka.

"Mwalimu Emiliana, utani una mpaka. Nani kakuruhusu? Wasichana, rudisheni!"

Walisimama magodoro kichwani. Hakuna aliyerudi.

"Haya, niwaonyeshe." Akaingia bwenini, akaenda hadi kitanda cha Loisi, akakalia chuma kitupu na kukunja nne. "Nimeliwa? Mwalimu, njoo ukae, mtani wangu."

"Toka, mkuu. Tafadhali."

Nyuma ya ukuta, ambako maji ya kwanza yalikuwa yameanza kula ukingo, kitu kilidondoka kwa kishindo kizito, kama gunia la mahindi linaposhushwa kwenye lori. Kikafuata kingine. Mkuu aliacha kutabasamu.

"Nani anatikisa kitanda?"

Hakuna aliyekuwa karibu naye. Miguu ya chuma iligonga sakafu polepole, mmoja, halafu mwingine.

Alitoka na kiatu kimoja. Akawahesabu wasichana kwa kidole, akarudia: arobaini na mmoja, wote. Kisha akaja kusimama kando yangu, akihema.

"Wiki nzima ulikuwa unaniambia kweli?"

"Wiki nzima."

"Mbona hukusema kama wasemavyo watu wengine?"

Sasa ngurumo ya maji makubwa ilisikika wazi ikiteremka kutoka vilimani. Mbele yetu ufa ulipanda ukutani, bila haraka, ukapita dirisha la kwanza, ukaelekea la pili, na wasichana wakaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, magodoro yakiwa bado kichwani.