Cheche Aliyechelewa Kupiga Hodi

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye benchi ndani ya boneti ya Datsun ya marehemu baba, nasubiri kuitwa. Nilikuwa nimevaa nguo za harusi, na mkononi nina taa ya taimingi. Hakuna aliyeona ajabu, nami sikuona.

Niseme kwanza kilichonipeleka huko. Leo mjukuu wa mama yangu anaolewa Lushoto, na Mama alishatangaza kwamba hapandi mlima ule kwa gari jingine ila la mumewe. Fundi wa nyumba yetu hapa Mombo ni mimi, wala sioni haya kulisema. Nilitoa distributa ya zamani inayogawa cheche, ile ya kusugua platini, vidomo vyake vya umeme, kwa msasa kila kukicha, nikafunga ya elektroniki. Nikapanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka ndani ya injini. Gari likawaka kwa sauti tamu hata majirani wakatoka nje.

Jana nikaenda kulijaribu mlimani. Kona za mwanzo tu likaishiwa nguvu, likachemka, nikarudi kinyumenyume mbele ya wauza matunda wote. Shemeji Mbwana, mume wa dada yangu, alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema nimelitia kompyuta gari la wenyewe, na likichemka tena na Mama akiwa ndani, kesho yake linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama akageuka, akaingia ndani. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi nimeketi kwenye benchi. Mlango unafunguka, anatoka distributa, kofia yake nyeusi kichwani na nyaya zake zimechanwa vizuri.

"Bi Sikudhani," anasema, "una malalamiko?"

"Ninayo. Umeniaibisha."

"Mimi sina platini, sichakai. Natoa cheche pale uliponifunga. Na aliyenifunga ni wewe."

Nikamwambia sauti ilikuwa tamu. Akasema sauti tamu hata Shemeji Mbwana anayo.

Tukaingia sebuleni kwa Mama. Makochi hayapo. Wapo pistoni wanne, kila mmoja katika kisima chake, wanapanda na kushuka. Distributa anawaita kwa zamu: wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Wa pili ananung'unika kwamba tangu kiwandani yeye ni wa pili lakini anaitwa wa mwisho. Anaambiwa malalamiko yake yamepokelewa.

"Shikamoo," namwambia wa kwanza.

"Mara," anasema akishuka. Nasubiri. "Haba," anamalizia akipanda.

Namuuliza kilichotokea jana. Anajibu vipande vipande, kila anapofika juu.

"Mimi mlango wangu uko huku juu. Sikai. Nikigusa tu, nashuka. Kwa hiyo mgeni wangu, cheche, sharti apige hodi kabla sijafika. Digrii saba kabla. Jana mlimani alikuja nimeshaondoka. Hodi, hodi, nyumba tupu. Moto wake wote ukaishia kuchemsha maji ya rejeta."

"Lakini nilipima digrii saba," nasema. "Kwa taa hii hii."

Pistoni wote wakanitazama, wawili wakiwa juu, wawili wakiwa chini.

"Mpira alikuwa wapi?" akauliza wa nne.

Mpira alikuwa nyuma ya pazia. Ni ule mwembamba wa kunyonya hewa, unaotoka kwenye injini hadi ubavuni mwa distributa. Akajitokeza bila wasiwasi wowote.

"Nilikuwepo," akasema. "Gari likiwa limesimama linanguruma, mimi humvuta cheche mkono aje mapema. Uliponipima nilikuwa nimeshamvuta, wewe ukaona saba. Mlimani ukikanyaga mafuta, pumzi inaniishia. Namwachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Mafundi wote hunichomoa na kuniziba mdomo kabla ya kupima. Wewe hukuniziba. Nilidhani unaniheshimu."

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Halafu nikafurahi, tena sana. Kosa ni langu, kwa hiyo na dawa ni yangu, na distributa wangu hana lawama.

Nikageuka, sebule ni stendi ya Mombo. Injini iko katikati inanguruma. Shemeji Mbwana anakuja mbio na watu wa chuma chakavu, wamebeba mzani. Nawasha taa. Taa hii ikimulika kinachozunguka, kinaonekana kimesimama. Namulika puli ya injini, gurudumu lenye alama ya digrii, inasimama. Namulika wauza matunda, wanasimama na ndoo zao za pichesi. Namulika Shemeji, naye anasimama, mdomo wazi, katikati ya neno "kompyuta". Namwacha hivyo.

Namchomoa mpira. Natafuta cha kumziba, lakini nguo za harusi hazina mifuko. Navua hereni moja.

"Dhahabu?" anauliza mpira.

"Ya Mama."

"Basi nanyamaza," anasema, na ananyamaza.

Namulika tena puli, na sasa ukweli unaonekana. Alama imechelewa vibaya, imepita hata sufuri, pale pistoni anapogusa juu. Nalegeza bolti, namshika distributa mabega, namgeuza taratibu.

"Bado," anasema. "Bado. Umezidisha, rudi. Hapo."

Saba. Nakaza bolti. Cheche akapiga hodi, na kutoka visima vyote vinne nikasikia "Karibu!" kwa zamu, hata yule wa pili.

Stendi nzima ikaanza kupanda mlima. Kona baada ya kona, na sindano ya joto imetulia katikati. Mama amekaa mbele na leso yake mpya, anawapungia watu mkono.

"Nani kapanga taimingi, Bibi?" wanauliza wauza matunda.

"Mwanangu," anasema Mama. "Sikudhani."

Nilijivuna mpaka kiti kikanibana.

"Usisahau kunirudishia mpira wangu," distributa akasema, nami nikageuka kumjibu.

"Siku!"

"Abee, Mama."

Kulikuwa kumekucha. Mama alikuwa mlangoni, ameshavaa.

"Hereni yangu nyingine iko wapi? Harusini huendi na sikio moja."

Nilipekua mto, shuka na chini ya kitanda. Haikuwepo. Nikatoka uani na nguo ya kulalia, nikafungua boneti. Mpira ulikuwa umechomolewa, na mdomoni mwake, imekaa sawasawa, hereni ya Mama.

Sikuitoa. Niliwasha gari kwanza, nikamulika puli. Saba. Ndipo nikaitoa, nikaurudisha mpira mahali pake, nikaifuta hereni kwa kanga na kuivaa hivyo hivyo, inanuka petroli.

Shemeji Mbwana alikuwa amepakia madumu ya maji nyuma, kwa ajili ya kuchemka kwetu. Niliyashusha yote, nikayaweka miguuni pake.

"Ya nini haya, shemeji?" akauliza.

"Mwagilia mchicha," nikamwambia.

Mama akafungua mlango wa mbele, akaingia.