Mbuzi Aliyemuuza Mama

"Nasema aondoke leo, kabla ya chakula cha mchana," Bwana Yidana alikuwa akisema. "Amedanganya mtihani, Madam. Au siku hizi kudanganya kunaitwa kipaji?"

"Alinakili kwa nani? Alikuwa amesimama peke yake mbele yangu."

"Hajui kusoma."

"Hilo mimi ndiye niliyekuambia," Madam Sanatu alijibu. "Usinirudishie habari yangu kama umeiokota wewe."

Ugomvi huo ulianzia chumba cha walimu, ukahamia barazani, na sasa ulikuwa umefika ofisini kwa Hajia Rahinatu, mkuu wa shule. Bwana Yidana, makamu wake, alisimama upande mmoja wa meza na Madam Sanatu, mwalimu wa Kiingereza, upande wa pili. Aliyegombewa, Wumpini, alikuwa mlangoni na begi lake, akitazama vidole vyake vya miguu.

Kila mwaka, wanafunzi wapya wa sekondari ya juu walipimwa kusoma Kiingereza, ili wanyonge wajulikane mapema. Madam Sanatu aliwapima wote kwa ukurasa uleule, habari ya mama aliyepeleka mbuzi soko la Yendi. Kwa sababu ya joto aliacha mlango wazi, na waliosubiri zamu walikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Wumpini alikuwa mkiani kabisa. Alipoingia aliushika ukurasa, akasoma kama mtangazaji wa redio. Madam alikwisha kuinua kalamu ampe alama zote, kijana alipofika mstari wa tatu na kusema, kwa sauti ileile tamu, "Rudia, taratibu."

Maneno hayo hayakuwamo kwenye ukurasa. Yalikuwa ya Madam mwenyewe. Karibu kila mwanafunzi alikwama pale, na kila aliyekwama aliambiwa arudie taratibu. Kijana alidhani ni sehemu ya hadithi.

Huyo alikuwa mtoto wa nyumba ya wapiga ngoma, watu wanaobeba majina ya machifu kichwani tangu babu wa mababu. Huko mtoto hufundishwa kwa sikio, na sikio la Wumpini lilikuwa kama gundi. Hata shule ya chini aliivuka hivyo: wenzake walisoma maswali ya zamani kwa sauti, yeye akayashika pamoja na majibu.

Bwana Yidana alisema baba yake atafurahi kumpata, kazi ya harusi na matanga haiishi. Hapo ndipo Madam alipoogopa. Ngoma ilitaka mabega mapya, na ya yule mzee yalikuwa yamechoka. Kijana akishaivaa, shule ingebaki hadithi.

"Kosa ni langu," Madam alisema. "Nimempimia sikio badala ya macho."

Hajia aliweka kalamu chini. "Sanatu, siwezi kuweka hapa mtoto asiyejua kusoma. Una la kuongeza?"

"Nipe asubuhi hii."

Bwana Yidana alicheka, akauliza tangu lini kasuku akafundishwa kusoma. Hajia hakucheka. Alimpa Madam mpaka kengele ya chakula.

Madam alikuwa amelea watoto wanne na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimketisha Wumpini darasani, akamwambia kichwa chake kimejaa lakini macho yake yanazurura, na leo yatafanya kazi. Aliuweka ule ukurasa mezani. Kila neno kidole kiliguse, na mkono wa pili upige meza pigo moja.

Mwanzoni mdomo ulikimbia. Ulimaliza mstari kidole kikiwa bado katikati. Anza tena. Kijana alianza tena, jasho likimtoka. Pole pole mdomo ulijifunza kungoja, na neno na pigo vikaanguka pamoja. Kisha Madam alichukua mkasi, akaukata ukurasa neno moja moja na kuyachanganya. Wumpini aliokota kipande kimoja, akaokota kingine mbali, akaviweka sambamba.

"Madam, huyu mama ni yuleyule?"

"Ni yuleyule. Ukimwona popote, mwamkie."

Kengele ilipolia, harufu kali ya dawadawa, kiungo cha mchuzi, ikitoka jikoni, Hajia aliingia na makamu wake. Bwana Yidana hakuwa mjinga. Alisema wimbo uleule hata ukikatwakatwa ni wimbo, basi yeye angetunga sentensi mpya. Aliandika ubaoni kwa maneno ya ukurasa ule, akayapanga kwa utundu wake.

Wumpini alisogea, akaweka kidole.

"Mama..."

Kichwani, mama ndiye aliyemuuza mbuzi. Kidole kilikataa. Madam aliuma ulimi asimsaidie. Kijana aliondoa kidole, akakirudisha mwanzo.

"Mbuzi," alisema. Pigo. "Alimuuza... mama... sokoni."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alijiziba mdomo, maana si adabu kucheka mbele ya Hajia, lakini kicheko kilipenya vidoleni. Hajia alimuuliza kwa Kidagbani, lugha ya nyumbani kwao, anacheka nini.

"Hajia, mbuzi amemuuza mama. Sasa nani atampikia mbuzi?"

Hajia alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana Yidana aliutazama ubao, akamtazama kijana, akatikisa kichwa.

"Amesoma," alisema. "Hiyo hajaisikia popote. Nimeitunga mimi sasa hivi."

Madam Sanatu hakungoja pongezi. Alisema ikiwa huyu alighani mistari mizima bila kujua neno lipi ni mbuzi, wale wengine aliowapa alama kwa sauti nzuri, nani ajuaye walichoelewa? Alitoa karatasi ya matokeo, akaichana vipande vinne mbele yao. Wote wapimwe upya, mlango umefungwa, kila mmoja na ukurasa wake, na akimaliza aeleze kwa Kidagbani kilichotokea. Watakaokwama wataanza darasa la kusoma alfajiri pamoja na Wumpini.

"Na kurasa zote hizo nani atazitunga?" Hajia aliuliza.

"Bwana Yidana. Si umeona mbuzi wake?"

Bwana Yidana alikunja mikono ya shati, akavuta kiti na kuomba karatasi. Hajia alimwambia Wumpini arudishe begi bwenini, akale, na kesho awahi darasa la alfajiri. Madam alishika daftari la majina, akatoka barazani na kumwita wa kwanza.