Mita Zinazosalimia

Fundi Nakeno alipoweka kompyuta ndogo kwenye kituo cha sola cha Kalobeyei, aliwaeleza wakazi kwa upole: "Hii haingoji amri ya Nairobi. Inapima stima ya kila nyumba na kuamua papo hapo. Ila haina masikio, ndugu zangu. Inasikia stima tu."

Kisha, kwa kuwa aliwapenda, akaifundisha adabu. Kila stima ilipotulia, mita za nyumba zote zilitoa salamu ya Kiturkana: "Ejok!"

Nani asalimiwe anyamaze? Na kwa kuwa haikuwa na masikio, watu waliijibu kwa stima: huyu birika, yule pasi, mwingine redio na taa zote. Mzigo ukapanda ghafla, kompyuta ikaona hatari, ikakata. Watu wakazima, stima ikarudi, ikatulia. "Ejok!" Mabirika tena.

Kufikia adhuhuri, Nyabol muuza samaki alikuwa amekalia friza yake kama kuku anayeatamia.

"Binti yangu, samaki wa harusi ya kesho wanalegea. Mashine yako inasalimia au inaaga?"

Nakeno akakimbilia kwa jirani, Ekiru wa bodaboda, akamkuta ameshika pasi wala shati hana.

"Kaka, zima!"

"Nisiitikie salamu? Dada, mimi nina mama aliyenilea."

Nakeno akaifuta salamu. Mita zikanyamaza.

"Imenuna!" Ekiru akapiga kelele, na mtaa mzima ukawasha kila kitu kuibembeleza. Kituo kikazimika kabisa.

Nakeno akaketi kando ya friza ya Nyabol, machozi yakimlenga. Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika chini. Ekiru akaja kuwapa pole. Akampa mkono Nyabol, akampa mkono mteja aliyekuwapo, ndipo akamfikia Nakeno.

"Mbona hukutusalimia wote mara moja?" Nakeno akauliza.

"Dada, mkono wa kulia ninao mmoja tu."

Nakeno akaruka, akakimbilia kituoni. Akaiamuru kompyuta isalimie nyumba moja moja, ikishaitikiwa ndipo iende kwa jirani. Na akaanza na yule aliyekuwa na haraka.

Stima iliporudi, mita moja tu ilisema, "Ejok!"

Friza ikanguruma. Nyabol akaweka kiganja juu ya kifuniko, akasikiliza, kisha akashusha pumzi.

"Imeitika," akasema. "Tena kwa heshima."

Mlangoni pa pili Ekiru alisimama wima na pasi yake, safari hii amevaa shati, akingoja kufikiwa.