Bawabu wa Mlango wa Mbele

Kwa siku tisa hakuna aliyeingia nyumbani kwa fundi cherehani bila kuhojiwa. Bawabu alikuwa binti yake wa miaka minane, aliyeketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, kidevu juu, kama mtu anayelipwa mshahara.

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Nimekuja kupima gauni."

"Neno la siri?"

"Jamani! Si juzi mlisema ni kijiko?"

"Juzi ni juzi."

Mteja alikisia sufuria, akakisia ndoo, akafika hadi kandambili. Mwishowe alihamia dirishani. "Fundi! Mtoe huyu afisa wako, jua linanichoma utosi!"

Fundi alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. Kulikuwa na mengine yasiyochekesha. Kila asubuhi tumbo lilimuuma mtoto, likapona kengele ya shule ikishapigwa. Chakula alikidonoa tu, na kucha alikuwa amezitafuna hadi kwenye nyama. Muuguzi wa zahanati alimbonyezabonyeza, akampima joto, kisha akamtoa nje na kumgeukia mama.

"Tumbo ni zima. Mmemwambia baba yake yuko wapi?"

"Tumemwambia amesafiri."

"Mtaa mzima unajua. Askari walipomchukua, mtoto alikuwa wapi?"

Mtoto ndiye aliyewafungulia mlango, saa kumi na mbili asubuhi. Walikuwa wakimtafuta baba, dereva wa lori, kwa sababu marobota kumi na mawili ya vitambaa yalikuwa yamepotea njiani.

Jioni hiyo fundi alipiga moyo konde. "Baba hajasafiri. Yuko kituo cha polisi."

"Najua," alisema binti. "Nilikuwa nasubiri ukiri."

Lakini kigodani hakutoka, na shule hakwenda.

Siku ya kumi, saa nane mchana, mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Baba."

Fundi alisimamisha cherehani. Alijua dhamana imekubaliwa. Miguu ilitaka kukimbia, akaizuia: akifungua yeye, kesho mtoto atakuwa palepale kigodani.

"Baba wa nani?"

"Wako."

"Neno la siri?"

"Nilipoondoka hapakuwa na neno la siri."

"Ndiyo maana uliondoka."

Sauti iliyofuata ilitokea chini. Mwanamume alikuwa ameketi kizingitini.

"Una maana gani, mwanangu?"

"Niliwafungulia mimi. Nisingefungua, wasingekuchukua."

Fundi alibaki ameshika futi yake ya kupimia. Siku kumi, na hakuna aliyemuuliza mtoto kwa nini analinda mlango.

"Haya, tuyapange yalivyokuwa," alisema baba. "Walianzia kazini, bosi akawaelekeza hapa. Walikuwa wanne, wawili mbele, wawili uani. Usingefungua, ningetokea wapi?"

"Dirishani."

"Na kitambi hiki?"

Bawabu alilitazama dirisha, akalipima kwa macho kwa uadilifu. "Usingepita."

"Na walipogonga, mimi nilikuwa wapi?"

"Bafuni."

"Nikasema nini?"

Binti alitoa ukucha mdomoni. "Ukasema, 'Fungua mlango, usiwaweke watu nje.'"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilitumwa."

"Ulitumwa. Na hata usingetumwa, wangeingia tu."

Binti alikaa akilitafakari jambo hilo kutoka pande zote.

"Wakirudi je?"

"Sikudanganyi, kesi bado ipo. Kila Jumatatu nitakwenda kuripoti mwenyewe, kwa miguu yangu. Na wakija hapa, nitafungua mimi."

"Hata ukiwa bafuni?"

"Hata nikiwa na sabuni machoni."

Komeo likavutwa. Baba aliingia amekonda, ndevu kama za mbuzi, shati ni lile lile la siku ile. Binti alimkagua toka juu hadi chini, akaziba pua kwa vidole viwili, na kwa mkono uliobaki akamshika kiunoni asimwachie.

"Unanuka," alisema, uso ukiwa ndani ya shati.

"Neno la siri ndilo hilo?"

"Hapana. Hilo ni ukweli."

Fundi aliinama chini ya meza kutafuta pini, akazitafuta muda mrefu kuliko zilivyostahili.

Asubuhi tumbo lilimuuma mtoto tena. Akaenda nalo shule.