Mistari Mitatu ya Mfukoni

Mimi ndiye niliyelifua lile koti. Naanza na hilo kwa sababu watu walinishauri nisilitamke, na mimi nikiambiwa ninyamaze ndipo mdomo unaponiwasha.

Naitwa Cécile, mtu wa Bukavu. Hapa Brussels kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa, kusikiliza habari ileile mara arobaini na kushangaa kila mara. Kwa miaka sita nimekuwa nikienda mtaa wa Ganshoren kwa Madame Marie-Jeanne. Ana miaka themanini na saba, mkali kama pilipili, na nilimpenda kwa ukali huohuo. Mtu mpole nisingemweza.

Marie-Jeanne si jina alilopewa na mama yake. Aliniambia hivyo mwaka wa pili, siku moja nikimkata kucha. Ni Myahudi. Mwaka 1942, Wajerumani walipokuwa wakiwakamata Wayahudi wa mji huu, mama yake alimleta Ganshoren kwa mwanamke mmoja dobi, akamwachia mtoto wa miaka minne na koti la sufu la rangi ya kahawia. Nyota ya njano, ile Wayahudi waliyolazimishwa kuvaa, koti halikuwa nayo, maana walioshonewa nyota ni watoto kuanzia miaka sita. Dobi akampa mtoto jina la Kikatoliki, akamlea pamoja na wanawe. Mama hakurudi. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba ndani ya mfuko wa koti mlikuwa na maandishi.

Jumatatu Madame aliniambia, "Cécile, lile koti la kabatini litoe. Alhamisi kuna mtu anakuja kulichukua, mtu wa kumbukumbu." Alimaanisha mahali fulani mjini wanapohifadhi karatasi na vitu vya Wayahudi walioteswa na Wanazi. Nikamjibu ndiyo Madame, nikaendelea kumenya viazi.

Sasa nisikilizeni. Kwetu kitu cha kutoa hutolewa kikiwa safi. Ukimrudishia jirani sufuria yake, unaisugua mpaka ing'ae. Ukimpa mtu nguo iliyovaliwa, unaifua na kuipiga pasi kwanza. Ukimpa chafu umemtukana, na aibu inamwangukia mama yako aliyekulea. Koti lile lilinuka dawa ya nondo na vumbi la miaka themanini. Nikasema moyoni, Madame wangu hataaibika mbele ya wageni.

Basi Jumanne, alipolala mchana, nililifua. Sikulitia mashine, mimi si mjinga, sufu hunywea. Nilitumia beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Nililifua kama nilivyofundishwa: upande wa ndani kwanza, na mifuko ipinduliwe, kwa sababu uchafu wa mtu hukaa mfukoni. Mfuko wa kushoto ulikuwa na doa la wino wa bluu uliopauka, vijistari vimepindapinda. Miwani yangu niliiacha jikoni. Nilidhani ni mtoto aliyechezea kalamu. Doa lilikuwa kaidi, nami ni kaidi zaidi. Nilisugua mpaka likatoka lote, na kitambaa kilipobaki cheupe nilijisifu kwa sauti.

Madame alipoamka alilikuta koti limetundikwa bafuni likidondosha maji. Aliushika mfuko wa kushoto, akaupindua, akajikokota nao hadi dirishani kwenye mwanga, koti zima likimlowesha gauni. Kisha alichukua kikombe cha chai akanirushia. Kilipita karibu na sikio langu, kikavunjikia mlangoni.

"Mama aliyenilea alikuwa dobi!" alipiga ukelele. "Alifua nguo za mtaa mzima kwa miaka thelathini! Hili hakulitia maji hata siku moja! Hata siku moja! Wewe umetoka wapi?"

Nikayajua niliyoyafuta kwa vipande, kati ya kelele na kilio. Mama yake aliandika mistari mitatu kwa herufi za Kiebrania, kwa lugha ya kwao, mahali ambapo askari akimpekua mtoto asingepaona. Madame alikuwa na miaka ishirini ndipo fundi cherehani mmoja mzee wa Anderlecht alipomsomea. *Jina lako ni Chaja. Mama yako ni Perla. Hukutupwa.* Basi, hayo tu. Kila mwaka, siku aliyoletwa Ganshoren, alikuwa anaupindua mfuko na kuyatazama, ingawa mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja ya hizo.

"Toka," alisema. Nikatoka, mikono bado inanuka sabuni.

Jioni Luc akanipigia simu. Luc ni mjukuu wa yule dobi, mtu wa miaka hamsini na kitu, humwita Madame shangazi. Tangu Pasaka alikuwa ameahidi kuupiga picha mfuko ule kwa simu yake, kwani watu wa kumbukumbu waliomba. Kila Jumapili alikuja, akala keki, akasahau.

"Cécile, usiwe na wasiwasi," alisema. "Tutasema ni unyevu. Koti ni la zamani, wino umepotea wenyewe. Shangazi amekubali. Ukitajwa, kampuni yako itakufukuza, na nani atafaidika? Kesho pumzika, na Alhamisi usije. Tubaki na amani."

Amani! Nilitaka kumuuliza nani alimwomba amani. Lakini alikuwa amenigusa penye kidonda, na alijua. Binti yangu Emmanuella, miaka kumi na sita, yuko Bukavu kwa dada yangu. Ili aje kuishi nami, ofisi ya wageni inataka kuona mkataba wangu wa kazi. Faili letu liko mezani kwao tangu Januari. Nikifukuzwa sasa, faili linafungwa.

Jumatano nikaenda Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa mjini, kumtafuta Darlène, ambaye tunafanya kazi kampuni moja. Nilimkuta saluni, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, nusu ya kichwa kimesukwa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, wateja wote wanasikia.

"Bon, ma chère, ikala kwanza," Darlène alisema. "Juu ya nini ujichome weye mwenyewe? Ule mumama ashakubali. Luc ashakubali. Alors weye unatafuta nini?"

"Ni miye nilifuta, Darlène."

"Na nani anabisha? Mungu alikuona, inatosha. Weye uko na mutoto kule Bukavu. Sema humidité, ni unyevu, c'est fini. Ile koti haitakulisha."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ya maskini ni fupi zaidi," alisema, na saluni nzima ikacheka. Nikaondoka nimekasirika. Usiku nilijiambia: sawa, iwe unyevu.

Alhamisi nilienda hata hivyo. Niliambiwa nisije, nikaenda. Labda nilitaka tu kumfulia, hapana, neno baya, nilitaka tu kumpikia supu yake. Madame alinifungulia mlango mwenyewe, hakunisalimu, akarudi kitini. Luc alinikazia macho. Nikaingia jikoni na kuacha mlango wazi.

Mtu wa kumbukumbu alikuwa msichana anayeitwa Anaïs, mstaarabu, mwenye glavu nyeupe na sanduku la karatasi ngumu la kijivu. Alilifungua koti taratibu. Lilikuwa limekauka, safi, halinuki tena dawa ya nondo. Limpendeze nani sasa? Nilitamani sabuni ingelitoboa, angalau lingeonekana limeumizwa.

"Na maandishi?" Anaïs aliuliza.

"Unyevu," Luc alisema haraka. "Nyumba za zamani hizi. Wino umeenda kidogo kidogo."

Madame alikuwa anatazama nje. Anaïs akaandika neno hilo kwenye fomu, *unyevu*, kisha akasema amemletea Madame kitu: nakala ya faili la mama yake, lililotunzwa na polisi wa wageni. Akapanga karatasi mezani moja moja. Mimi nilikuwa nimeleta kahawa, nikasimama pale na sinia mkononi, na miwani yangu safari hii ilikuwa usoni.

Tarehe Perla aliyoingia nchini kutoka Poland. Kazi yake, kushona glavu. Anuani nne alizohamia, kila moja na muhuri. Barua ya ofisa anayeuliza kama mwanamke huyu ana njia ya kujikimu. Barua ya ofisa mwingine anayejibu kwamba anayo, lakini kidogo. Karatasi ya mwaka 1940 ya kuandikishwa katika daftari la Wayahudi, na chini yake sahihi yake, ndogo, ya mtu anayeshika kalamu kwa woga. Mwisho, jina lake katika orodha ya treni iliyotoka Mechelen kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz, na namba mbele ya jina.

Damu ikanichemka. Mwandiko wa wale maofisa ulikuwa mzuri, umelala kwenye mstari, umenyooka, umesomeka wote. Wino wao haukupauka. Karatasi zao hakuna aliyezifua. Watu kumi, kumi na wawili, waliandika kuhusu Perla miaka yote hiyo, na kila neno lao limehifadhiwa mahali pakavu. Yeye mwenyewe aliandika mistari mitatu kwa mtoto wake, na hiyo ndiyo nimeisugua mimi, kwa bidii, nikijisifu.

Na mimi pia nina faili kama hilo. Naijua meza yake. Nilipofika nchi hii waliniuliza cheti changu cha kuzaliwa. Nikasema ofisi ya kwetu, kule milimani juu ya Bukavu, ilichomwa na watu wenye bunduki, na madaftari yote yakaungua. Wakauliza, nani aliichoma? Nikasema, hawakuacha majina. Wakauliza tena mara tatu, katika mahojiano matatu, kana kwamba mimi ndiye niliyewaficha. Tarehe yangu ya kuzaliwa mpaka leo ni ya kukisia. Mtu fulani alishika kiberiti, akaenda zake nyumbani akala, na katika karatasi zote za dunia hii hakuna palipoandikwa kwamba ni yeye. Huenda pameandikwa *moto*. Kama hapa palivyoandikwa *unyevu*.

Niliweka sinia chini kwa kishindo, kahawa ikamwagika.

"Futa neno hilo," nilimwambia Anaïs. "Si unyevu. Ni mimi. Jumanne mchana, kwa sabuni."

"Cécile!" Luc alisimama. "Mademoiselle, amechanganyikiwa, usimsikilize."

"Kaa chini, Luc," nilisema. Miaka sita sijawahi kumwambia mtu wa familia hiyo akae chini. Alikaa.

Nikaeleza yote, beseni, mfuko kupinduliwa, miwani jikoni. Anaïs alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakata lile neno kwa mstari mmoja. Alisema ushuhuda wa aina hii huandikwa kwa mkono wa mtu mwenyewe na kutiwa sahihi. Alisema pia, kwa upole, kwamba si lazima jina langu litokee. Wanaweza kuandika "mhudumu wa nyumbani".

"Orodha ya treni imeandika jina la Perla," nilimjibu. "Na mimi andika langu."

Akanipa karatasi na kalamu. Luc alinong'ona, "Na binti yako?" Sitasema kwamba nilikuwa jasiri, kwa maana nilikuwa na hasira na woga pamoja. Nilimwona Emmanuella akilini mwangu, akifika siku moja, akiniuliza nilifanya nini kazini. Nikaandika. *Mimi, Cécile M'Rhuli, binti wa M'Cibalonza, niliyafuta maandishi haya kwa mikono yangu.* Kisha nikakwama, maana ilibidi niandike yalikuwa yanasemaje, nami sikuwahi kuyasoma.

Ndipo Madame akageuka kutoka dirishani.

"Jina lako ni Chaja," alisema, sauti imekauka. Nikaandika. "Mama yako ni Perla." Nikaandika. Mstari wa tatu aliusema akinitazama machoni, kwa chuki, na kwa kitu kingine ambacho siwezi kukitaja kwa sababu sikukielewa. "Hukutupwa."

Nikaandika kwa herufi kubwa, moja moja, nikikandamiza kalamu hata karatasi ikachimbika.

"Weka kwamba alitaka kulisafisha," Madame alimwambia Anaïs. "Kwamba hakujua."

"Usiweke," nilisema. "Kila mtu alitaka kitu. Weka nililofanya."

Nikatia sahihi, na tarehe. Anaïs aliichukua karatasi yangu kwa glavu zake nyeupe, akailaza sandukuni juu ya koti, akafunga kifuniko. Luc alikwisha kutoka nje kuvuta sigara. Nilipangusa kahawa iliyomwagika, nikavaa koti langu, nikashika mlango. Nilikuwa nawaza nitakavyomweleza Darlène, na nitakavyomweleza dada yangu.

"Kesho saa mbili asubuhi," Madame alisema nyuma yangu. "Usichelewe. Na kabati langu usiliguse tena."